Mluzi Uliokuja Mlimani

Nilipofika Iringa walikuwa wamekwisha kumzika. Kwa Waislamu maiti hangojewi, na habari ilinikuta asubuhi gerejini kwangu Iyunga, Mbeya, mikono ina grisi hadi viwikoni. Mpaka nikanawa, nikabadili nguo, nikapanda basi na kuvuka Makambako na Mafinga, jua lilikuwa limeshainama. Nikaingizwa chumba cha wanawake, nikakaa mkekani, nikapewa chai ya rangi yenye iliki. Bi Nuru, mjane, alikuwa amekaa kwenye kona, amejitanda mtandio mweupe. Aliukamata mkono wangu, wala hakuuachia. Aliyekuwa akigawa maandazi ni mjukuu wake, msichana wa chuo, mchangamfu hata katika msiba. Akaniuliza nilimjuaje babu yake. Nikamwambia ndiye aliyenifundisha kuondoa kelele kwenye redio za magari. Alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. "Babu? Shangazi, babu alikuwa hasikii. Tangu nimezaliwa yeye hasikii. Redio na yeye wapi na wapi?" Wanawake wawili watatu wakacheka kidogo, vile watu wa msibani wanavyotafuta pa kuvutia pumzi, kisha Yasini ikaanza kusomwa na mimi nikanyamaza. Haya ndiyo ningemsimulia yule binti kama chumba kile kingekuwa cha hadithi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilikuwa nauza kaseti. Kibanda changu kilikuwa cha mbao, ukingoni mwa barabara kuu iendayo Zambia, ukuta kwa ukuta na gereji ya fundi Kassimu. Yeye alikuwa fundi wa umeme wa magari, mtu mwenye asili ya pwani, mrefu, mpole, mwenye baraghashia ambayo haikuwahi kupata doa la oili, jambo ambalo mpaka leo sijui aliliwezaje. Watu walimletea altaneta za kuchaji betri na stata za kuwashia injini, lakini jina lake lilijengwa na redio. Magari ya mtumba yalikuwa yanaingia kwa wingi miaka ile, kila mwenye gari alitaka muziki, na waliofungiwa redio kiholela walirudi na malalamiko yaleyale: inakoroma, inadonoa, inapiga mluzi. Wengi walizoea tu, wakaongeza sauti ya muziki ili kufunika kelele. Wasiotaka kuzoea walikwenda kwa fundi Kassimu.

Siku moja alikuwa akimkabidhi mteja gari lake. Injini inanguruma, redio inaimba, mteja ameridhika, ameshashika usukani. Mimi kule kibandani nikasema, sikumlenga mtu yeyote, "Mbona bado inalia?" Mteja akasema yeye hasikii kitu. Fundi Kassimu akazima muziki, akaja mpaka dirishani kwangu.

"Inalia vipi, binti?"

Nikaiga. Sauti nyembamba kama uzi, inayopanda kila mguu ukikanyaga mafuta. Alinitazama mdomo, na uso wake haukubadilika hata kidogo, kana kwamba nilikuwa nimefungua kinywa tu bila kutoa kitu. Nikadhani nimeiga vibaya. Kule kwetu Tukuyu nilikuwa naimba sauti ya pili kwaya ya kanisa, basi nikaishusha ile sauti, nikaiimba kwa chini, kifuani, huku nikiipandisha kama ilivyokuwa ikipanda. Hapo macho yake yakafunguka. "Aa," akasema. "Kumbe ipo." Akarudi, akamwomba mteja ashuke, akaitoa redio nzima. Ilichukua mpaka adhuhuri. Skrubu moja nyuma ya redio ilikuwa imekazwa juu ya rangi badala ya kugusa bati tupu. Akaparua rangi, akakaza, akawasha. Na pale ile sauti ilipokatika nilihisi kama mtu ameniondolea mkono uliokuwa umenibana sikio tangu asubuhi, mkono ambao sikujua kama ulikuwepo. Muziki ulikuwa uleule, wa kaseti niliyoiuza mara nyingi, lakini sasa nilisikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza juu ya nyuzi.

Kesho yake Bi Nuru alikuja kununua kaseti ya kaswida. Nilijua anayo, maana nilimuuzia mimi mwenyewe. Akaigeuzageuza, kisha akasema, "Mwanangu, mume wangu anaomba ukafanye naye kazi."

"Mama, mimi umeme siujui."

"Umeme anaujua yeye," akasema, akalipa kaseti ambayo hakuihitaji.

Nikahamia kwao kabla ya masika. Chumba walichonipa kilikuwa stoo ya nyuma, na ingawa Bi Nuru alikisafisha na kukipaka chokaa, redio zilizokufa zilibaki kwenye rafu juu ya kitanda changu, midomo ya kaseti imeachama, na harufu ya risasi ya kuchomelea haikutoka kamwe. Nilikuwa Mkristo wa milimani katika nyumba ya Kiislamu, na nilikwenda nikiwa na hofu nyingi za kijinga. Jumapili ya kwanza nilipoamka nilikuta sare yangu ya kwaya imepigwa pasi ya mkaa, imetundikwa mlangoni. Nilimwambia Bi Nuru "Ndaga fijo, mama," kwa Kinyakyusa, kwa sababu asante ya Kiswahili niliiona ndogo. Alipika wali wa mchele wa Kyela kwa nazi aliyoagiza kutoka Dar, na nilipompikia mbalaga zetu, ndizi mbichi na maharage, fundi alikula akatikisa kichwa akasema chakula hiki kinahitaji baridi ili kieleweke. Na Mbeya baridi ipo. Juni tulikula tumelizunguka jiko, migongo imejikunja, mvuke wa sahani ukipanda usoni.

Baada ya mlo mmoja wa namna hiyo ndipo nilipoijua siri ya nyumba. Nilikuwa uani nikiosha vyombo baada ya Magharibi, birika likalia jikoni, likalia, likalia. Nikasikia Bi Nuru anasema, "Kassimu, birika liko miguuni pako." Nikasikia likiepuliwa. Kisha yeye, kwa sauti ya chini: "Lilikuwa linalia?" "Mwambie huyu mtoto," akasema Bi Nuru. "Anaishi humu. Anafanya kazi ambayo wewe huwezi tena, na anadhani unampima." Nilibaki na sufuria mkononi. Alikuwa hasikii sauti nyembamba. Lori lilipopita alilisikia, mazungumzo yetu aliyasikia yakiwa karibu, adhana aliisikia, lakini vyote vyembamba vilikuwa vimemtoka kimoja kimoja kwa miaka, vyerehani, filimbi, ndege, na mwisho ule mluzi wenyewe aliokuwa akiuwinda maisha yake yote. Alikuwa ameendelea kuponya redio kwa kukumbuka. Alijua zinalia wapi kama mtu anavyotembea gizani katika nyumba aliyozaliwa.

Hakuniambia usiku ule. Aliniambia asubuhi, juu ya boneti iliyo wazi, na aliniambia kama fundi: "Sekela, masikio yangu yameharibika upande wa juu. Unaposikia kitu, usinieleze kwa maneno. Niimbie." Basi hivyo ndivyo tulivyofanya kazi mwaka ule. Mimi niliketi ndani ya gari nikisikiliza, kisha nikaishusha sauti mpaka mahali anapoweza kuipata, na yeye akiwa ameinama kwenye injini alisikiliza wimbo wangu na kunipa amri. Kanyaga. Achia. Washa taa. Wateja walicheka. Wengine waliuliza kama ni dawa ya kienyeji. Alinifundisha kwamba kelele ina tabia kama mtu, na humjui mtu kwa sura bali kwa anachofuata. Ikipanda na injini, tazama altaneta. Ikidonoa kama kuku, nenda kwenye plagi na nyaya zake. Lakini juu ya yote alinifundisha njia ya kurudi. "Watu wanautazama waya unaopeleka umeme," alikuwa akisema. "Hakuna anayeuliza unarudije. Umeme lazima urudi betri. Ukiuziba mlango wake, utapita dirishani, utapita chumbani kwa watu." Njia hiyo ya kurudi mafundi tunaiita ethi, nayo katika gari ni bati lenyewe na waya wa kulishikamanisha bati na injini. Mimi niliyasikia maneno haya kama mtu anavyosikia mahubiri mazuri. Niliyapenda, sikujua uzito wake.

Uzito wake nilikuja kuujua kwa Bi Salma. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mjane, aliyeendesha pikapu yake mwenyewe kati ya Mbeya na Iringa wakati ambapo mwanamke kwenye usukani alifanya watu wasimame kutazama. Alishuka, akatusalimu kwa salaam aleikum, akasema amechoka. Redio yake hupiga mluzi, lakini hupiga mlimani tu. Tambarare, kimya. Alikuwa amepita kwa mafundi wengine. Mmoja alibadili spika, mwingine akabadili redio, wa mwisho akaivuta ethi ya redio kwa waya mrefu mpaka kwenye injini, na mluzi ukawa mbaya zaidi. Tukaisikiliza gerejini asubuhi nzima. Hakuna kitu. Ningeimba nini? Sikuwa na cha kuimba.

"Muziki gani unausikiliza, Bi Salma?" nikamuuliza.

"Si muziki. Ni kisomo. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa madrasa, alijirekodi nyumbani kabla hajaugua." Akafunga mlango wa gari taratibu. "Ninaposafiri husafiri naye. Lakini tukifika mlimani mluzi unammeza."

Fundi Kassimu alikuwa akimtazama midomo. Akasema, "Safari yako ni lini?"

"Keshokutwa. Iringa, halafu safari hii nateremka Kitonga mpaka Morogoro kuchukua mzigo."

"Tutakwenda nawe mpaka Iringa. Ugonjwa wa mlimani hautibiwi bondeni."

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, watatu kwenye kiti cha mbele, sanduku la vifaa miguuni pangu. Sauti ya mwalimu ilitoka kwenye spika ikiwa nene, tulivu, haina haraka, na Bi Salma aliendesha akitembeza midomo pamoja nayo. Tukavuka Chimala, tukavuka Igawa, jua likapanda juu ya mbuga za Usangu, na mimi sikusikia ila yeye. Kisha tambarare ikaisha, barabara ikaanza kuupanda mlima wa kuelekea Makambako, Bi Salma akarudisha gia, injini ikakaza, na mluzi ukaja. Haukuja polepole. Ulikuja kama mtu aliyekuwa akingoja nyuma ya mlango. Ulimfunika mwalimu aya ikiwa katikati. Nikamtazama Bi Salma, nikaona amekaza taya.

"Imba," akasema fundi.

Nikaimba. Nililishusha lile linyama la sauti mpaka kifuani mwangu na kuliimba pale kwenye kiti, gari likitetemeka, na yeye amefumba macho, kiganja juu ya deshibodi. Akamwambia Bi Salma akanyage klachi kidogo aiache injini ipumue. Mluzi ukashuka pamoja na injini, gari likiwa bado linakwenda. Nikaimba hivyo. "Basi si magurudumu." Akasema awashe taa kubwa mchana ule. Mluzi ukavimba. Nikaimba hivyo. Akatabasamu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mtu akitabasamu kwa ubaya kuzidi. "Unakula umeme wa taa," akasema. Kisha akapenyeza mkono nyuma ya redio, akaupapasa waya wa antena, akauchomoa.

Mluzi ukafa. Hapohapo, mlimani, injini ikiwa imekaza vilevile. Mwalimu akarudi na aya yake kama hakuna kilichotokea. Bi Salma alipiga usukani kwa kiganja, akacheka, machozi yakamtoka. "Alhamdulillahi! Sihitaji antena mimi. Stesheni sisikilizi. Acha hivyohivyo, fundi." Mimi nikacheka naye. Niliona tumeshinda. Fundi Kassimu pekee hakucheka. Alikuwa amekishika kichwa cha waya wa antena kati ya vidole viwili, kisha akakigusisha shavuni, kama mama anayepima homa ya mtoto.

Tukaipita Makambako katika raha hiyo. Nyololo palikuwa na ukungu wa Mufindi, tukasimama kunywa chai. Chumba cha mgahawa kilikuwa na meza mbili na benchi, ukuta wenye masizi, jiko la kuni, na mama wa Kihehe aliyetukaribisha kwa "kamwene" na kutuwekea viazi vya kuchemsha visivyoagizwa. Fundi alikuwa amezama katika mawazo, kikombe mikononi. Bi Salma alikwenda jikoni kuota moto, na nikamsikia akisema na yule mama mambo ya barabara, ya mvua, ya baridi. "Baridi yenu hii inakausha hata magari," alisema akicheka. "Pedali ya mafuta leo imekuwa nzito. Pale mlimani ilikawia kurudi nilipoinua mguu."

Yalikuwa maneno ya kupitisha muda. Nusura niyaache yapite. Lakini kazi yangu mwaka ule ilikuwa kumpelekea fundi yale asiyoyasikia, na ilishakuwa tabia. Nikamwinamia. "Mzee, anasema pedali ya mafuta ni nzito. Inakawia kurudi."

Akakiweka kikombe chini. Chai ilimwagika, naye hakuitazama. "Ufunguo wa gari," akasema, na sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ile.

Pale nje, katika ukungu, alifungua boneti. Akamwambia Bi Salma awashe injini na taa, avute breki ya mkono, atie gia, aiachie klachi kidogo tu, injini ivute kama inapanda mlima nalo gari halitembei. Nikaona injini nzima ikijiinua upande mmoja kwenye mipira yake, kama ng'ombe anayetaka kusimama. "Tazama chini yake," akaniambia. Nikainama. Kulikuwa na mkanda wa nyuzi za shaba, mweusi kwa oili na tope, ulioiunganisha injini na bati la gari. Ulikuwa umekatika. Injini ikilala, ncha zake mbili ziligusana. Injini ikijiinua, zikaachana upana wa kidole.

Ndipo nilipoelewa. Kila gari lilipopanda mlima mlango wa kurudia ulifungwa, na umeme wote wa taa na vingine uliosambaa katika bati ukatafuta mahali pengine pa kupita kurudi kwenye injini, ulikofungwa waya wa betri. Ukauona waya wa antena, ukaingia redioni, ukatoka kwa ule waya mrefu aliouvuta fundi wa mwisho. Ule mluzi ulikuwa umati unaopita chumbani kwa watu. Na sisi tulikuwa tumeung'oa waya wa antena na kushangilia.

"Sasa unapita wapi?" nikauliza.

Alinionyesha kebo ya mafuta, ile kamba ya chuma inayotoka kwenye pedali na kuvuta injini. Ilikuwa ikifuka moshi. Moshi mwembamba, wa buluu, mzuri kabisa kuutazama, unaopanda na kuchanganyika na ukungu wa Mufindi. Ganda lake la plastiki lilikuwa limeyeyuka na kuishika kamba ya ndani. Bi Salma alishuka akaja kutazama. Fundi akamwonyesha kebo kwa kidole bila kuigusa, akasema polepole, "Hii ndiyo inayomwambia injini ipunguze. Ikigandia imefunguka, injini haitakusikia. Kwenye mteremko, na mzigo." Hakulitaja jina la Kitonga. Halikuhitaji kutajwa, sote tulikuwa tunaujua mteremko ule, kona zake na malori yake. Bi Salma akakaa chini kwenye majani yenye umande, na khanga yake nzuri, akasema, "Mluzi ulikuwa unaniambia." Yule mama wa mgahawa alimletea kikombe chake palepale alipokaa.

Nilikuwa nimekulia katika nyumba ya sala na nilikuwa nimesikia habari nyingi za maonyo ya Mungu, lakini sikuwahi kusimama karibu na onyo kiasi cha kuunusa moshi wake. Na bado sijui nililostaajabia zaidi ni nini. Kwamba jambo lile lilikuwa linalia kwa miezi na mafundi wakabadili spika? Kwamba tulikuwa tumelinyamazisha kwa mkono wetu? Au kwamba yule aliyelitambua ni mtu ambaye hakuwa amelisikia hata mara moja, na angelikosa kabisa kama mwanamke mmoja asingeongea na mwingine jikoni? Nimefungua mamia ya boneti tangu hapo. Swali hilo bado ninalo.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Pale Nyololo kulikuwa na mafundi wa malori, wakatupatia kebo iliyotumika lakini nzima, na fundi Kassimu akaifunga. Akakata kipande cha waya mnene wa betri, akauweka badala ya ule mkanda uliokatika, akaparua kutu kwenye injini na kwenye bati mpaka chuma kikang'aa, akakaza. Kisha akaufuata ule waya mrefu wa ethi ya redio, akauondoa wote, akaifungia redio ethi yake fupi palepale ilipo. Akairudisha antena. Nilimpa spana na nilikaza mimi pale ambapo mkono wake haukuingia. Ukungu ulikuwa umeondoka tulipomaliza, na mashamba ya chai yameonekana, kijani cha kuumiza macho.

Mbele ya Nyololo Bi Salma alitafuta mlima kama mtu anavyotafuta maji. Tulipoupata akawasha taa zote. Injini ikakaza. Nikakaza na mimi.

"Imba," akasema fundi.

"Hakuna kitu, mzee."

"Sikiliza vizuri."

Nikasikiliza. Hakukuwa na mluzi, lakini pia hakukuwa na kitu kingine ambacho sikuwa nimejua kama kipo: ukungu fulani wa sauti uliokuwa chini ya kila kitu, mlimani na tambarare, tangu tulipotoka Mbeya. Ulikuwa umeondoka na ule waya mrefu. Nyuma ya mwalimu sasa kulikuwa na chumba. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kila aya. Nilisikia jogoo, mbali. Na nilisikia sauti ndogo, ya kukatikakatika, bati na maji.

"Kuna mtu anaosha vyombo," nikasema.

Bi Salma akasimamisha gari. Hakuliweka hata pembeni sawasawa. Akaurudisha mkanda wa kaseti nyuma, akausikiliza, mdomo wazi. Mwalimu akasoma. Sahani ikagonga sahani. Halafu, kwa mbali kabisa, mwanamke akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayejizuia asiharibu.

"Ni mimi," akanong'ona. "Siku ile nilikuwa uani. Aliniambia nisipige kelele." Akaegemeza paji la uso kwenye usukani. "Nimo humu. Miaka yote hii nimo humu pamoja naye."

Fundi Kassimu alinigusa bega. Hakuwa amesikia. Nikamweleza, na kile kikohozi nikamkoholea. Akaondoa baraghashia kichwani, akaishika magotini. "Subhanallah," akasema, huku malori mawili yakipita yakitupigia honi.

Iringa Bi Salma alitulaza kwake. Alichinja kuku, akapika pilau, na mezani fundi alimwambia mwenyewe, bila kuombwa, kwamba yeye hasikii na kwamba masikio ni ya huyu binti. Tangu siku hiyo hakuficha tena. Aliporudi Mbeya aliwaambia wateja wote, na sikuona hata mmoja aliyeondoka kwa sababu hiyo. Bi Salma aliteremka Kitonga, akarudi, na aliteremka mara nyingi baada ya hapo mpaka akazeeka.

Kufikia mwisho wa mwaka sauti zilizobaki nazo zilikuwa zinamtoka fundi. Nyimbo zangu ilibidi ziwe za chini zaidi na zaidi, mpaka nikafika mwisho wa koo langu. Binti yao alikuwa ameolewa Iringa na Bi Nuru akaamua wahamie huko. Gereji akaniachia mimi. Nilikwenda kuwasindikiza, nikalala usiku mmoja katika nyumba yao mpya, chini ya yale majabali makubwa ambayo watu wa Iringa wameyazoea na sisi wageni hatuyamalizi kuyatazama. Asubuhi nilimkuta amesimama uani peke yake, uso ameuinua kwenye mti wa jirani.

"Naona matawi yanacheza," akasema. "Wapo?"

"Wapo wengi, mzee. Wanapiga kelele."

"Kelele gani?"

Sikuwajua ndege wale kwa majina. Nikasimama karibu na sikio lake la kulia, lililokuwa na nafuu, nikamsikiliza mmoja mpaka nikaishika njia yake, kisha nikaichukua ile sauti ya juu kabisa na kuiteremsha, ngazi kwa ngazi, mpaka chini kabisa ninapoweza kufika, karibu na kuunguruma. Nikaimba. Uso wake haukubadilika. Nikashuka chini kidogo tena, mahali ambapo sikujua kama nina sauti, na kifua changu chote kikatetemeka. Hapo akacheka. Alicheka kama mtoto, akanishika mkono, akauelekeza kwenye tawi jingine.

"Na yule?"

Bi Nuru alikuwa ametoka na chai. Akasimama mlangoni na sinia mikononi, hakusogea, vikombe vikitoa moshi katika baridi ile, mpaka nilipomaliza kumwimbia mti mzima.